Walimkatia Maa tiketi ya kwenda Mandvi, kumbe alichokosa kilikuwa hapa hapa Mombasa

Hiki ni kisa cha mama mmoja wa Mji wa Kale hapa Mombasa, mzaliwa wa Mandvi, Kutch, kule magharibi mwa India, ambaye kuanzia mwaka 2021 alibadilika mpaka wanawe wakaona akili inampotea. Nakiandika kirefu manake kazi yangu ni kutembelea wazee majumbani, napima presha, naangalia dawa, nasikiliza, na visa vya namna hii naviona sana kwa familia za Kihindi na hata zisizo za Kihindi, na karibu kila mara familia inakimbilia jibu moja, mzee anatamani kwao, basi mpelekeni kwao. Familia imeniruhusu kuandika bila majina, na kuna vitu vichache nimevibadilisha ili asitambulike. Sisi majirani twamwita Maa kama wanavyomwita watoto wake, na hapa ntamwita hivyo hivyo.

Maa ni nani

Alizaliwa 1943. Wakati huo Kutch ilikuwa na mtawala wake, Maharao, na ilikuwa na pesa zake yenyewe zikiitwa kori, mpaka serikali ya India iliposhika utawala wake 1948 ndo kori zikaondolewa. Kumbukumbu yake ya kwanza kabisa ni hiyo kori ya fedha, babake anampa aishike siku ya Idi, mkononi ni baridi na nzito, halafu babake anaichukua tena anairudisha kibindoni. Ukoo wao ni Wabadala, Wakutchi Waislamu ambao kazi ya mababu zao ni bahari, manahodha, mabaharia, mafundi wa vyombo. Kwa mtu wa Mombasa hawa si wageni, wamekuwa wakija na pepo za kaskazi tangu zama na zama, wengine wakabaki, wanasali nasi na wanazikwa nasi, Kiswahili chao ni Kimvita na nyumbani wanazungumza Kikutchi.

Mwaka 1962, ana miaka 19, akaolewa na Mbadala wa hapa Mombasa ambaye alikuwa hajamuona ila picha. Akatolewa Mandvi mpaka Bombay, na Bombay akapanda Karanja. Wazee wataikumbuka Karanja, yeye na mwenzake Kampala, meli za kampuni ya British India zilizojengwa Uskoti baada ya vita kuu ya pili, zikitoka Bombay zikipita Shelisheli zikitia nanga Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam na kuendelea kusini, na abiria wengi walikuwa wa dekini, mamia ya watu, kila mtu na godoro lake na sanduku la bati. Hapo dekini ndo alipokutana na bibi harusi mwingine, msichana wa upande wa Bhuj, mji mwingine wa Kutch, na yeye anakuja Mombasa kwa mume asiyemjua. Wakaweka magodoro yao pamoja, wakaugua bahari pamoja, wakalia pamoja, na walipofika Kilindini ikatokea kwamba nyumba wanazoenda ziko mtaa mmoja.

Huyu mwenzake wa meli naomba msimsahau, kisa chote kiko kwake.

Uhuru ulipokuja 1963 mumewe akawa Mkenya, naye akaandikishwa baadaye, na pasi ya India ikaishia hapo manake India haikubali uraia wa nchi mbili. Wazazi wake Maa na kakake walikuwa wameshahamia Karachi, kama walivyofanya Waislamu wengi wa Kutch baada ya mgawanyiko wa India na Pakistani wa 1947, wengine mapema wengine kwa kuchelewa. Kwa hiyo Mandvi hakukubaki mtu wa karibu. Karachi alikwenda mara moja kumuona mamake miaka ya themanini, Makka alikwenda kuhiji, lakini Mandvi hakurudi tena, na watoto hawakumsikia hata siku moja akiomba kupelekwa. Hili watoto wenyewe waliniambia, tena bila kuona uzito wake.

Mambo yalivyoanza

Mwenzake wa meli alifariki 2021, wakati wa korona. Nyumba zao zimetengana kwa hatua chache lakini Maa hakwenda, wanawe waliogopa, yeye mwenyewe ana sukari na kifua si kizuri, mazishi yalikuwa ya watu wachache na haraka haraka kama yalivyokuwa yote wakati ule, hakuna kukaa matangani, hakuna hitma ya kueleweka. Alipewa habari na binti yake akiwa amekaa kitandani. Akasema innalillahi, akauliza amevishwa sanda na nani, kisha akalala. Hakulia. Familia ikasema alhamdulillahi amelipokea vizuri.

Baada ya miezi kadhaa ndo wakaanza kuona mambo. Aliacha kuingia jikoni, na huyu ni mtu ambaye achari yake ya maembe mtaa mzima ulikuwa ukiingojea. Chakula anakidonoa tu. Akaanza kuwasemesha wajukuu Kikutchi kitupu, na wale wajukuu wanakielewa nusu, kujibu hawajui, na wakimjibu Kiswahili ananyamaza. Na kubwa iliyowatisha, kila siku baada ya alasiri anatoka anakaa barazani na kuuliza kwa Kikutchi, meli imefika? Unamwambia Maa hakuna meli, anaitikia kwa kichwa, kesho yake tena, meli imefika?

Hebu fikiria wewe ndo mwanawe. Mama wa miaka karibu themanini, anarudi kwenye lugha ya utotoni, anauliza meli iliyoacha kuja tangu miaka ya sabini, mtu yeyote angeogopa. Daktari walimpeleka, na daktari alifanya kazi yake vizuri, akapima sukari, tezi ya shingoni, vitamini B12, akapima masikio, akamfanyia na kile kipimo cha kumbukumbu cha maswali, na mjukuu akakaa pale kutafsiri ili maswali mengine aulizwe kwa lugha yake. Kilichopatikana ni kwamba sikio moja limepungua usikivu sana, na kumbukumbu ni ya umri wake, hakuna cha kutisha. Daktari akawaambia huzuni ya mzee saa zingine inafanana mno na kupotewa na akili, anaacha kula, anajitenga, anasahau, na kwamba wachunguze ni nini kimemhuzunisha.

Wakachunguza, na wakaona jibu liko wazi. Anauliza meli. Anazungumza Kikutchi. Anatamani kwao. Basi mwana mkubwa akasema Maa atakwenda Mandvi, gharama si kitu.

Safari

Nitasema kidogo juu ya maandalizi manake kuna watu watasoma hapa na wana mzee wa kumsafirisha. Kwanza walitafuta ile kadi ya OCI ambayo India inawapa watu wenye asili ya huko, lakini haipewi mtu ambaye wazazi wake waliwahi kuwa raia wa Pakistani, kwa hiyo wakaomba viza ya kawaida. Pili, homa ya manjano. Anayetoka Kenya kuingia India lazima awe na cheti cha chanjo, bila hicho wanaweza kukuweka karantini mpaka siku 6, na kwa mtu aliyepita miaka 60 ambaye hajawahi kuchanjwa madaktari wanasita manake madhara makubwa, ingawa ni nadra, huwapata zaidi wazee. Maa aliokolewa na kadi yake ya njano ya wakati wa hija, manake tangu 2016 chanjo hiyo inahesabiwa ya maisha yote. Kama una mzee ndani, itafute hiyo kadi leo kabla hujalipa tiketi.

Wakaenda Januari 2023, yeye, mwana mkubwa, binti, na mjukuu wa kiume wa chuo. Mombasa, Nairobi, Mumbai, kisha ndege ndogo mpaka Bhuj, halafu gari kama kilomita 60 kushuka Mandvi. Bhuj yenyewe ni mji mwingine siku hizi, ule wa zamani ulibomolewa na tetemeko la 26 Januari 2001, ukubwa wa 7.7, watu karibu elfu 20 walikufa Kutch na kwengineko, na mji kama Bhachau ulilala chini wote. Mandvi haikupigwa namna ile ila ilishakuwa imepoa kabla ya hapo, manake baada ya Karachi kubaki Pakistani serikali ya India ilijenga bandari kubwa Kandla, na biashara yote ikahamia huko, na Mandvi iliyokuwa ikipeleka vyombo Muscat na Zanzibar na Mombasa ikabaki na pwani yake na mafundi wake.

Siku ya kwanza wakamletea dabeli. Kwa asiyejua, dabeli ni mkate mdogo uliojazwa viazi vya masala, karanga, komamanga na chatne, na ukienda jimbo zima la Gujarat, ambalo Kutch imo ndani yake, wanakwambia hii ni ya Mandvi, ndo sifa ya mji. Mjukuu alikuwa ameandaa simu kabisa arekodi Maa anavyokula chakula cha utoto wake. Maa akakiangalia, akauliza ni nini hiki. Wakadhani amesahau, wakamueleza, dabeli Maa, dabeli ya kwenu, naye anatikisa kichwa. Jioni hotelini ndo wakapata kuelezwa na mwenye hoteli kwamba dabeli inasemekana ilianza kuuzwa Mandvi miaka hiyo hiyo ya 1960, kwa hiyo wakati yeye anaondoka pengine ilikuwa haijulikani bado au ndo inaanza. Kumbukumbu ile ilikuwa ya mji, haikuwa yake. Binti alilia usiku ule, akaniambia alijiona kama amemletea mamake zawadi ya mtu mwingine.

Siku ya pili nyumba. Vichochoro karibu na ukuta wa zamani wa mji, wanauliza huku na huku, mpaka mzee mmoja wa mtaani akawaonyesha kiwanja. Ghorofa tatu za saruji, chini duka la vifaa vya simu, makava yamening'inizwa mlangoni. Mwana mkubwa akamshika mamake mkono akidhani ataanguka. Maa akaangalia juu, akaangalia chini, akasema kwa Kiswahili, kwa utulivu kabisa, "Hii si yetu, yetu ishakwisha. Twendeni, jua kali." Ndo basi. Kitu kilichomfurahisha siku ile ni vishada, manake ilikuwa siku ya Uttarayan, 14 Januari, na Gujarat nzima huwa iko juu ya mapaa inarusha vishada, alisimama akaangalia kwa muda mrefu.

Siku ya tatu wakampeleka mtoni, Rukmavati, pale ambapo mpaka leo wanaunda vyombo vya mbao, vikubwa hasa, mbavu za mbao zimesimama juu kuliko nyumba. Sasa hivi vinafungwa injini za dizeli, vinakwenda Dubai, Sharjah, Somalia. Mafundi walikuwa wanatia kalafati, wanasokomeza pamba kwenye nyufa za mbao kwa patasi na nyundo, kile kimlio cha tok tok tok kinajibizana kutoka upande huu na ule wa chombo. Na harufu ya sifa. Yeyote aliyekulia karibu na Bandari ya Kale anaijua ile harufu ya mafuta ya samaki kwenye mbao, inaingia kwenye nguo haitoki. Mjukuu anasema Maa alisimama ghafla akasema, "Mombasa."

Na hapo kwenye kivuli alikuwepo mzee amekaa juu ya gogo, ndevu zimetiwa hina, akasikia neno Mombasa akainua kichwa. Akasema, "Jambo bibi! Mombasa? Kahawa chungu! Kashata!"

Alikuwa nahodha. Alianza ubaharia mtoto, akaja Mombasa na kotia, jahazi la Kihindi, kwa miaka mingi mpaka kazi ile ilipofifia, anashuka na kaskazi, anakaa Bandari ya Kale wakipakua vigae na vyungu na nguo, anangoja upepo ugeuke arudi. Kiswahili chake ni cha bandarini, vipande vipande, lakini kipo. Akaanza kumuuliza Maa, yule muuza kahawa wa pale juu ya ngazi za Leven yuko bado? Maa akamjibu, "Alikufa zamani bwana wee, hata mwanawe kashazeeka." Na wauza maji? Walikuwa wakikaa kushoto ukitoka forodhani. Maa akasema hapana, kulia. Nahodha akasema kushoto, mimi nimenunua pale miaka na miaka. Maa akasema mimi nimekaa pale miaka sitini wewe ulikuwa unakuja na kuondoka, kulia! Wakabishana vile, Kikutchi na Kiswahili vimechanganyika, mafundi wameacha nyundo wanawaangalia, na Maa anacheka mpaka amejishika mbavu. Ile vidio nimeionyeshwa, na mwana mkubwa mpaka leo akiiangalia macho yanamjaa maji.

Aliporudi

Wiki za kwanza alikuwa mzuri, anakula, anasimulia. Halafu akarudi vile vile, baraza, alasiri, meli imefika? Mwana mkubwa akasema mmeona, Mandvi ndo dawa, tumkodishie nyumba kule akae miezi ya kaskazi kila mwaka. Dada mtu akakataa, atakaa na nani? Hapo ndo nikaitwa.

Mimi nilitaka kujua siku yake ilikuwaje kabla ya 2021, saa kwa saa. Watoto hawakuweza kunijibu, wako kazini mchana wote, wanarudi magharibi. Aliyejibu ni dada wa kazi, mama wa Kigiriama kutoka Kilifi, ambaye yuko ndani ya nyumba ile tangu wajukuu wako shule ya chekechea. Alikuwa anapepeta mchele, hakuacha hata kupepeta. Akasema, lakini mbona meli ni yule rafikiye. Kila siku baada ya alasiri yule mwenzake akija kunywa chai, akifika hapo mlangoni hapigi hodi, anasema kwa lugha yao meli imefika, na Maa akiwa ndani anajibu teremsheni mizigo, halafu wanacheka, kila siku, miaka yote hiyo. Mimi ndo nilikuwa nawatilia chai.

Nikamuuliza mbona hukusema. Akasema sikuulizwa, nilidhani wenyewe wanajua, ni mama yao.

Sitaki kuwalaumu watoto, ni watu wema na wametumia pesa na machozi yao. Lakini mtu aliyekuwa na habari alikuwa jikoni mwao muda wote, na familia ikapita ikaenda mpaka India kutafuta jibu. Naliona hili nyumba nyingi. Dada wa kazi, dereva, muuza mboga anayesimama mlangoni kila asubuhi, hao ndo wanajua mzee anaishije mchana, na hakuna anayewauliza.

Ninavyoliona mimi

Maa hakuwa anaitamani Mandvi, au tuseme Mandvi ilikuwa sehemu ndogo. Angeitamani angekwenda, mtu aliyefika Karachi na Makka na ana watoto wenye uwezo asingeshindwa kufika Mandvi. Yeye alijenga maisha yake hapa, na ule utoto wa kule, ile safari ya meli, ile hofu ya bibi harusi mgeni katika mji asiojua mtu, alivihifadhi kwa mwenzake. Walikuwa wawili tu waliobaki duniani wanaojua dekini siku ile palikuwaje. Mmoja akiondoka, anayebaki anabaki na kumbukumbu ambazo hakuna wa kumwambia hapana, haikuwa hivyo.

Na hapo kwenye hapana ndo pana uzito kwangu. Wajukuu wanampenda, Maa akisimulia wanasema naam Maa, ehe Maa, masha Allah Maa. Wanakubali kila kitu, hata wauza maji ungesema walikaa juu ya mnara wa msikiti wangekubali, manake hawakuwepo. Mzee anajua. Anajua anasikilizwa kwa adabu, na adabu haimfanyi mtu ajue kwamba lile jambo lilikuwepo kweli. Nahodha alimbishia. Alimkosoa mbele za watu, na yeye akachangamka kama binti, manake mtu anayeweza kukubishia lazima naye alikuwepo. Tena alichombishia si habari ya Mandvi hata kidogo, ni habari ya Mombasa ya miaka ya sitini! Hilo familia hawakuliona, waliona mamao anacheka akiwa Mandvi wakadhani ni Mandvi inayomchekesha.

Nimekaa na wazee wa aina nyingine nikaona kitu hicho hicho. Waswahili waliokwenda Muscat baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964 na waliokuja kuwafuata, ukipata kukaa na wazee wao hawana haja ya kusimulia Unguja kwa mgeni, raha yao ni kubishana wenyewe kwa wenyewe, duka fulani lilikuwa Mkunazini au Kiponda, nani alioa wapi, sauti zinapanda mpaka vijana wanadhani ni ugomvi. Na Wahindi waliokuja miaka ya karibuni kwa mikataba ya kazi, mahasibu na mafundi wa viwandani huko Nairobi na Dar, hao wana simu, wanamuona mama yao kwa vidio kila usiku, upweke wao ni wa namna nyingine na unatibika kwa likizo. Tiketi inamfaa yule ambaye huko anakokwenda kuna mtu anamngoja. Kwa Maa hapakuwa na anayengoja, waliomngoja wako makaburini, Karachi na hapa.

Kuna na lile la msiba. Mtu wa karibu namna ile afe, nyumba ya pili tu, usimuage, usikae matangani, usimpikie hata pojo katika ugonjwa wake wa mwisho, hilo haliishi lenyewe. Waliponyimwa matanga kwa sababu ya korona ni wengi, na wazee wamelibeba kimya kimya.

Kilichofanyika

Cha kwanza ilikuwa hitma. Ilisomwa nyumbani kwa marehemu, imechelewa lakini ilisomwa, Maa akakaa na mabinti wa marehemu siku nzima, na hapo ndo alilia kwa mara ya kwanza, alilia mno, binti yake akataka kumtoa nikamwambia muache.

Kisha nahodha. Mjukuu wake kule ana wasap, na mjukuu wa Maa walikuwa wamebadilishana namba kwa ajili ya vidio. Mwana mkubwa mwanzo hakupenda, mamake azungumze na mwanamume asiye maharimu yake, si heshima, na mimi nilinyamaza hilo si langu. Ni Maa mwenyewe aliyesema binti atakaa pale pale akisikia kila neno, na kwamba wote wawili meno yamekwisha, ogopeni Mungu. Basi Ijumaa baada ya alasiri wanapiga. Habari ni zile zile, wauza maji, bei ya tende, mwaka fulani upepo ulichelewa. Kile kifaa cha sikio alichokuwa akikificha kwenye droo sasa anakivaa mwenyewe siku ya Ijumaa bila kuambiwa.

Mjukuu wa chuo anajifunza Kikutchi, na nilimuomba kitu kimoja, usiseme naam tu, tafuta, soma, mbishie. Akaenda kutafuta picha za zamani za Bandari ya Kale, akarudi akamwambia Maa mbona kwenye picha wauza maji siwaoni kulia? Wakakesha na ile picha. Na dada wa kazi sasa anakaa na Maa chai ya alasiri, anakaa kabisa, kikombe chake mkononi, manake yeye ndo shahidi wa mwisho wa zile alasiri.

Hali sasa hivi, Maa ana miaka 82. Anakula, analala, achari mwaka huu ametia. Swali la meli halijaisha kabisa, kuna siku linatoka, hasa akiwa amechoka, na dada wa kazi ameamua kumjibu teremsheni mizigo, sikumfundisha mimi, na naona ni sawa. Kinachonipa wasiwasi ni nahodha. Kifua kimemshika tangu baridi ya mwaka uliopita, Ijumaa zingine simu haipigwi, na familia inaniuliza akiondoka huyu itakuwaje. Sina jibu zuri la kuwapa, ila nimewaambia safari hii Maa aambiwe mapema na apewe nafasi ya kuaga.

Na mwana mkubwa bado ana tiketi kichwani, Desemba anataka warudi Mandvi. Maa hataki. Anataka Lamu, kuna mama wa Kibadala kule, mkubwa kwake kwa miaka michache, aliyekuja na Karanja hiyo hiyo lakini safari nyingine, na hawajaonana tangu mume wa Maa alipofariki. Mwanawe anasema kama ni Lamu basi ni ndege mpaka Manda, kisiwa chenye uwanja wa ndege wa Lamu, barabara ni ndefu na mgongo wake haustahimili. Wanaendelea kujadiliana. Dada wa kazi ameshaambiwa na Maa kwamba kwa vyovyote itakavyokuwa, wao wawili ndo wasafiri.